Hatua Hamsini Nyuma ya Mama Helen

Naikumbuka jioni moja kule mlimani, kambi ya Horombo, mwanangu, jioni niliyomwambia mama mmoja mjane sentensi ya Kiingereza isiyo na kosa hata moja, na sentensi hiyo nusura inirudishe kwenye mizigo maisha yangu yote. Nitakueleza. Lakini huwezi kuielewa jioni hiyo kama sijakueleza kwanza habari ya majani ya ng'ombe, kwa hiyo nivumilie. Mimi sina hadithi inayonyooka kama barabara ya lami. Zangu zinapita vihambani, kwenye mashamba yetu ya migomba na kahawa, zinavuka mfereji, zinasimama kusalimia watu.

Miaka ile kahawa ilikuwa imetuangusha. Baba yangu alijenga nyumba ya bati kwa kahawa, na mimi kwa mibuni ile ile nilishindwa hata kubadilisha bati moja lililotoboka juu ya kitanda. Watu wakaanza kung'oa mibuni kimyakimya, kama mtu anayefanya dhambi, maana kwa wazee wetu kung'oa mbuni ilikuwa karibu sawa na kumpiga mzazi. Lakini nchi ilikuwa imefunguliwa, na kila wiki wageni wapya walipanda Marangu kwenda mlimani. Basi tukawafuata wageni. Mimi nilikuwa mpagazi. Sisi wapagazi tunajiita wagumu, na jina hilo hatukupewa bure. Nilibeba miaka tisa. Hii shingo unayoiona imezama kwenye mabega, sikuzaliwa nayo hivi.

Sasa, mgumu anabeba, mwongozaji anaongea. Tofauti ni hiyo tu, lakini ni tofauti ya mlima mzima. Ili uwe mwongozaji ulihitaji leseni. Ili upate leseni ulikaa mbele ya watu watatu kule Moshi mjini wakakuuliza maswali kwa Kiingereza. Na ili uruhusiwe kukaa mbele yao, mwongozaji mkuu alipaswa kukuandikia barua kwamba amepanda nawe na umefaa. Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nadhani nilimaliza kwa sababu mwalimu alichoka kuniona.

Ndiyo nikaenda kwa Mwalimu Aikande. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, kihamba chake kiko juu ya chetu, mumewe alishatangulia, watoto wake wako Dar es Salaam na Arusha. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa ambaye alimpenda kuliko alivyotupenda sisi wanafunzi wake. Nilipomwomba anifundishe Kiingereza, akaniambia hataki kitu changu chochote isipokuwa majani. Mzigo mmoja wa majani, somo moja.

Labda wewe uliyekulia mjini huoni ugumu hapo. Kwetu ng'ombe anakaa zizini, haendi malishoni, na anayemletea majani ni mwanamke. Wanawake wetu hushuka mpaka tambarare huko chini ya Himo, wanakata, wanafunga, wanapanda nayo kichwani kilomita kwa kilomita. Mwanamume kubeba majani ya ng'ombe kichwani, tena mchana, tena mwenye ndevu! Siku ya kwanza nilipita mbele ya kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, na mzigo wangu, mzee mmoja akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Anaeli, umeolewa lini? Mbona hatukuletewa pombe ya mahari?" Walicheka mpaka wakamwaga. Na mimi nikapanda tu. Mke wangu, Mama Neema, alitaka kunipokea mzigo njiani kwa aibu, nikakataa. Nikamwambia mzigo huu ni wangu, ndani yake mna leseni.

Mwalimu Aikande hakuwa na ubao. Aliandika kwa chaki kwenye mlango wa zizi, na ng'ombe akitoa kichwa tulimsubiri amalize. Siku moja aliandika maneno mawili, moja juu ya jingine: "alone" na "lonely". Akaniuliza maana. Nikasema yote ni yale yale, mtu aliye peke yake. Akasema, "Alone ni hesabu, Anaeli. Lonely ni moyo."

Akaeleza. La kwanza unaliona kwa macho: hesabu watu waliopo, kama ni mmoja, basi yuko "alone", hakuna ubishi. La pili huwezi kuliona. Mtu anaweza kuwa katikati ya harusi na akawa "lonely", na mwingine akakaa siku tatu porini na asiwe. Hilo la pili ni la mwenyewe, mpaka akuambie.

Halafu akaja kwenye mahali pa kukaa. Hapo ndipo nilipotega sikio vizuri, kwa sababu mimi ni mtu wa karamu na najua habari ya mahali pa kukaa. Kwetu mbuzi akichinjwa kila mtu ana kipande chake na kila mtu ana upande wake wa kukaa, ukikosea unatafutwa ugomvi. Mwalimu akasema maneno ya Kiingereza nayo ni hivyo hivyo. "Lonely" linaruhusiwa kukaa mbele ya mtu linayemsifu, na linaruhusiwa kukaa nyuma. Unaweza kusema "a lonely woman", unaweza kusema "the woman is lonely". Lakini "alone" ni mnyenyekevu, halikai mbele ya mtu kamwe. Utasema "the woman is alone", ukisema "an alone woman" watu watakucheka. Linangoja mtu atangulie, lenyewe linafuata nyuma.

Hiyo nikaimeza yote. Nani mbele, nani nyuma, nikawa naimba huku nimebeba. Ile nusu ya kwanza, ya hesabu na moyo, ikanipita kama maji ya mfereji siku isiyo zamu yangu. Nisikufiche, mwanangu: nilitaka kile kitu cha kuringia. Na niliringa. Kwenye kilabu kile kile nilichochekwa niliwafundisha wagumu wenzangu mahali pa kukaa maneno mawili, wakanipa jina la Profesa, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nililitia debe zima.

Haikupita miezi mingi meku Kilawe akaniita. Meku ni mzee kwa Kichagga, na huyu alikuwa mwongozaji mkuu aliyejua mlima kuliko anavyojua sebule yake. Mtu mkavu, haongei, akicheka unatafuta kalenda. Akasema ana mgeni mmoja tu, mama wa makamo aliyefiwa na mume mwaka uliopita, anaitwa Helen. Ananichukua kama msaidizi. Nikifaa, ananiandikia barua. Nisipofaa, nisimsalimie tena kwa sababu ya barua, nimsalimie kwa sababu ya shikamoo tu.

Nilimwona Mama Helen getini, njia ya mlimani inapoanzia. Mrefu, mwembamba, nywele nyeupe amezikata fupi kama za mwanafunzi. Anaongea kidogo. Shingoni amevaa mkufu wenye pete kubwa ya kiume. Nilipoiona ile pete, moyo wangu ukasema: huyu ni mfiwa, na mfiwa haachwi.

Hapa unielewe vizuri, maana hapa ndipo kosa langu lilipozaliwa, na lilizaliwa kwenye nyumba nzuri. Kwetu mtu akifiwa haachwi hata dakika moja. Watu wanakuja, wanalala, wanapika, wanawasha moto uani. Akitoka nje kuna anayemsindikiza. Akinyamaza kuna anayemwongelesha. Tunaamini huzuni ni kama fisi, inamkamata yule aliyebaki nyuma ya kundi. Mimi nilidhani dunia nzima inaamini hivyo.

Basi tukiwa kambi ya kwanza, Mandara, nikawakusanya wagumu na mpishi. Nikawaambia huyu mama yuko kwenye msiba, amekuja mbali, hana ndugu hapa, ndugu zake ni sisi. Hakuna kumwacha. Wakakubali mara moja, ni vijana wenye malezi. Tukapangiana zamu kama za maziko. Akinywa chai, mpishi anakaa mezani naye, anamwangalia anavyomeza. Akitembea, huyu kulia, huyu kushoto. Kijana mmoja, Ombeni, alikuwa wa kwaya ya usharika, nikamwambia aimbe zile za kufariji. Akaimba siku nzima ya pili, msituni mpaka nyikani, beti zote. Mama Helen alikuwa akitabasamu tabasamu dogo, na kila saa lilikuwa linapungua kidogo. Meku Kilawe alikuwa mbele, hakuona.

Jioni tukafika Horombo. Kulikuwa kweupe, kilele cha Mawenzi kinaonekana chote, mawingu yamelala chini yetu kama pamba. Yeye akatoka kwenye kibanda akaenda kukaa juu ya jiwe. Nikatuma wagumu wawili wakakae naye. Akahamia jiwe jingine. Nao wakahamia. Akahama tena, wakahama. Ukitazama kwa mbali ungedhani ni mchezo wa watoto. Mwishowe akasimama, akanijia mimi, akaniambia polepole kwa sauti ya mtu anayejizuia, "I want to be alone."

Mwanangu, unajua nilichofanya? Nilifurahi. Nilifurahi kwa sababu neno lilikuwa limekaa mahali pake, nyuma kabisa, kama Mwalimu Aikande alivyofundisha. Nililipokea kama mtu aliyekutana na jirani yake safarini. Nilitazama limekaa wapi, nikasahau kusikiliza linasema nini. Nikanyoosha mgongo, nikamjibu kwa lile la pili, tena nikaliweka mbele ili ajue najua: "No, Mama. You are a lonely woman. We are here."

Kila neno mahali pake. Mwalimu yeyote angeniwekea vema. Na uso wa yule mama ukafunga kama mlango. Akageuka, akaenda moja kwa moja kwa meku Kilawe, na nilimwona anaongea huku mkono wake umeshika ile pete.

Meku aliniita nyuma ya jiko. Nilijua nimeharibu kwa namna alivyovua kofia, maana hakuwa mtu wa kuvua kofia kwenye baridi.

"Anaeli, alikuomba nini?"

"Aliomba kuwa peke yake, meku."

"Ukampa?"

Nikaanza kumweleza habari ya msiba, na desturi, na zamu tulizopanga. Akaniacha niseme mpaka nikaisha mwenyewe. Kisha akasema, "Mtu amekuomba maji ya kunywa, wewe umemmwagia kichwani, halafu unanieleza maji yako ni masafi. Nani alikuambia yeye mpweke? Ulimuuliza? Kesho anapumzika hapa ili azoee hewa. Atapanda kwenye mawe ya pundamilia, na utamfuata hatua hamsini nyuma. Ukifungua mdomo kabla hajakuita, ile barua nitafungia tumbaku."

Alipogeuka aondoke akaongeza kwamba Ombeni naye anyamaze, maana hata yeye amechoka.

Asubuhi wagumu walinipokea na chai na kejeli. "Pole na msiba, Profesa," mmoja akasema, na mwingine akauliza maziko ya barua ni saa ngapi. Mtu akianguka mwenyewe hamlaumu aliyemcheka.

Nikamfuata Mama Helen. Hatua hamsini, nilizihesabu. Akipanda napanda, akisimama nasimama na kujifanya naangalia kiatu. Yale mawe ya pundamilia ni jabali lenye michirizi myeusi na myeupe, na huko juu kuna ukimya ambao unausikia masikioni. Yeye akakaa chini ya jabali. Mimi nikakaa mbali, nikampa mgongo kidogo, ili nimwone kwa pembe ya jicho lakini yeye asijisikie anaangaliwa. Tukakaa. Sijui muda gani. Mimi sikuwa nimezoea kukaa na mtu bila kumfanyia kitu.

Na pale, bila kuitwa, akanijia mama yangu. Baba alipofariki nilikuwa na miaka kama kumi na miwili. Nyumba ilijaa watu mpaka sisi watoto tulilala kwa majirani. Nikakumbuka kila asubuhi mama alikuwa anachukua ndoo, anakwenda mferejini, na kila asubuhi wanawake walimtuma binti amfuate. Siku moja walinituma mimi. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa mfereji, ndoo tupu iko kando, maji yanapita. Aliponiona alijifuta uso haraka, akaijaza ndoo, akasema, "Haya, twende." Nilimrudisha kwenye watu, nikasifiwa. Miaka ishirini na zaidi sikuwahi kujiuliza mama alikuwa anatafuta nini mferejini. Nililijua jibu pale juu, kwenye baridi, na nikalia, mwanangu, mimi mtu mzima mwenye watoto wawili. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nikawaza pia yale maneno mawili. Kiswahili chetu, na Kichagga pia, humtanguliza mtu. Tunasema mwanamke, ndipo tunasema mpweke. Unamwona kwanza mtu mzima, na mikono yake na pete yake, ndipo sifa inafuata. Mwingereza ana ruhusa ya kutanguliza sifa, na lugha yake inambeba, hana shida. Lakini mimi nilikuwa nimefanya hivyo moyoni, kabla hata sijafungua kinywa. Pale getini nilipoona pete, niliweka upweke mbele, na nyuma ya upweke huo sikumwona mwanamke tena.

Jua lilipokuwa juu kabisa Mama Helen akainua mkono akaniita. Nikaenda, nikasimama. Akaniashiria nikae. Aliongea Kiingereza cha polepole, na nilichoshika nitakuambia, nisichoshika sitakitunga. Alisema yeye na mumewe walikuja kupanda mlima huu zamani wakiwa vijana, wakarudi kutoka kambi ya Kibo kwa sababu mumewe aliugua. Waliahidiana watarudi, na maisha yakawapitia. Alipofariki, nyumba yake ilijaa watu wema. Walileta chakula, walijibu simu yake, walimalizia sentensi zake. Akasema hajawahi kuwa mpweke kama alivyokuwa kwenye nyumba ile iliyojaa. Hapa chini ya jabali, yuko peke yake, na hayuko mpweke hata kidogo, kwa sababu hapa kuna nafasi ya mumewe kukaa.

Nikamwambia "Pole, Mama." Hilo neno wageni wote wanalijua. Kisha nikamwambia kwa Kiingereza changu cha zizini kwamba anisamehe, sikuuliza, na leo meku ameniweka hatua hamsini nyuma yake. Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Mandara. Nilipotaka kusimama nirudi mahali pangu, akaniambia, "Fifty steps. It is a good distance." Nikarudi nikihesabu, na ninakuhakikishia hakuna aliyewahi kuzihesabu kwa furaha kama ile.

Tangu hapo nikawa kivuli cha hatua hamsini. Tukavuka lile jangwa kwenda Kibo, tukalala kidogo, tukaamka kupanda. Giza lake sina haja ya kukusimulia, kila aliyepanda atakusimulia mpaka umkimbie. Jua lilitukuta Gillman's, ukingoni mwa shimo la mlima. Wengi wanageukia hapo, na hakuna aibu. Mama Helen akataka kuendelea mpaka kilele cha Uhuru. Meku akamtazama macho, akamtazama midomo, akasema twende.

Katikati ya njia akakaa chini. Upepo ulikuwa unakata. Meku alikuwa mbele, mimi nyuma kwa umbali wangu. Akainamisha kichwa magotini, na mimi nikasimama. Miguu yangu ilitaka kukimbia, mikono ilitaka kumnyanyua, kinywa kilitaka kumtia moyo kwa lugha tatu. Nikavizuia vyote. Sijawahi kubeba mzigo mzito kama ule wa kusimama. Meku aligeuka, akaniona nimesimama, naye akasimama.

Halafu Mama Helen akainua uso, akageuka nyuma kunitafuta, akanyoosha mkono. Akasema, "Now, Anaeli. Now I don't want to be alone."

Hatua zile hamsini sijui kama niligusa chini. Nikampa mkono, akaushika kwa nguvu ya mtu mwenye nia, akasimama. Sikumvuta. Tulikwenda kwa kasi yake, hatua na pumzi, hatua na pumzi, pole pole kama mzee anayekwenda kanisani mapema. Na tukafika, mwanangu. Tukafika juu ya Afrika yote. Akafungua begi lake akatoa kofia ya kiume, kuukuu, ya kitambaa, akaivaa. Ilimzidi, ikamfika masikioni. Akasimama na kofia ya mumewe kichwani, barafu inang'aa nyuma yake, anacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilipiga vigelegele kama mwanamke wa harusi, na aibu sijaiona hata leo. Na meku Kilawe, yule mtu mkavu, akaanza kuimba. Ule wimbo wa Ombeni, ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Alikuwa ameushika wote.

Tuliposhuka lilinibakia jambo moja. Kwetu kosa la mtu haliishi kwa mdomo. Kuna mmea tunaopanda mipakani mwa vihamba, unaitwa sale, majani yake marefu ya kijani. Ukimkosea mtu unachukua jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea. Aliyeletewa sale hawezi kukataa kusamehe, hata kama ni jambo la damu. Nilikuwa nimelitamani kule Horombo, lakini sale haioti kule juu. Tulipofika getini, Mama Helen anaandika jina lake kwenye daftari la waliofika kileleni, mimi nikakimbia mpaka mpakani kwangu, nikakata jani, nikalifunga fundo, nikarudi nikihema. Nikampa kwa mikono miwili. Meku akamfasiria. Yeye akasema alishanisamehe siku ile chini ya jabali. Nikamwambia najua, ila baba yangu angetaka lifanyike kwa desturi. Basi akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka ndani ya ile kofia. Kisha akaomba karatasi, akaniandikia barua ya ukurasa mzima kwa mkono wake. Meku Kilawe akaandika ya kwake pale pale, akiegemea boneti ya gari, mistari mitatu tu.

Siku ya usaili nilikwenda Moshi mjini na viatu vya kuazima, kimoja kinabana na kingine kinalegea, usiniulize ilikuwaje jozi moja ifanye hivyo. Tulikuwa vijana na wazee mchanganyiko, wengi wamemaliza kidato cha nne, Kiingereza kinawatoka kama maji ya bomba. Niliingia, nikakuta watatu mezani. Mama mmoja mwenye miwani akaniuliza nitafanya nini mgeni akitaka kutembea peke yake. Wenzangu, nilisikia baadaye, walijibu wote kwamba hairuhusiwi, hatari, sheria. Ni kweli, na walijibu vizuri. Mimi niliwasimulia kisa hiki unachokisikia. Kiingereza changu kilichechemea kama mbuzi wa miguu mitatu, lakini mbuzi wa miguu mitatu naye hufika nyumbani. Nikawaambia mgeni atakuwa peke yake, na mimi nitakuwepo. Sitamwacha na sitamgusa. Na akigeuka nyuma atanikuta. Yule mama akavua miwani, akaifuta, akawatazama wenzake.

Wiki ile majina yakabandikwa. Nikapita kwa kidole toka juu, maana mimi nikisoma lazima kidole kiwepo, na kidole kikasimama kwenye jina langu. Nikarudi tena juu nikasoma upya, likawa bado lipo. Nilipanda Marangu siku hiyo sina mzigo wowote, shingo juu. Mama Neema alikuwa ameshapika mbege kabla hata sijaenda usaili, mwanamke yule alikuwa na imani ya kutisha. Wale wazee wa kilabu walikuja wote, na aliyeniuliza nimeolewa lini ndiye aliyenipa mkono wa kwanza. Mwalimu Aikande alikuja na fimbo yake, akanywa kibuyu kizima, nikamsimulia kila kitu mpaka mwisho. Akafikiri, akasema, "Kiingereza chako bado kibovu, Anaeli. Lakini sasa unacho cha kusema nacho." Nimeongoza wageni miaka kumi na minane baada ya siku hiyo, na hakuna sifa niliyopewa ninayoithamini kuliko hiyo.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ukimwona mtu kakaa peke yake usikimbilie kumwita mpweke. Umehesabu mtu mmoja, basi, hesabu yako imeishia hapo. Ya moyoni mwake ngoja akuambie, au muulize kwa adabu. Kuuliza si ujinga. Desturi za wazee wetu za kutomwacha mfiwa ni nzuri, zishike, lakini zishike ukiwa umemtazama yule mfiwa usoni, maana desturi imewekwa kwa ajili yake, yeye hakuwekwa kwa ajili ya desturi. Ukiombwa nafasi, itoe, na usiende mbali. Kaa pale ambapo ukinyooshewa mkono unauona. Na akinyoosha, usimkumbushe kwamba jana alikukataza, nenda mbio. Kujifunza nako usikuonee haya. Beba majani yako mchana kweupe, waliokucheka watakunywea mbege.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kumwona mtu mzima kabla ya shida yake. Akupe miguu ya kupanda na subira ya kusimama. Watu wako wasikukose unapowahitaji, na wasikusonge unapohitaji hewa. Na kila utakapogeuka nyuma njiani, nawe umkute mtu amesimama, anakungoja.